Mstari Uliotoweka, Mlio Ulioongezeka

Inspekta alifika kiwandani saa tatu asubuhi akakuta kesi imeshahukumiwa. Barua ya kumwachisha kazi mtuhumiwa ilikuwa juu ya meza ya meneja, imechapwa, imepigwa muhuri, imebaki sahihi tu.

"Karibu, Afande," meneja alisema. "Kikulacho ki nguoni mwako! Mtu mwenyewe yuko chumba cha pili. Wewe nisaidie karatasi ya polisi tu, ili bodi ya mitihani isinitie mimi lawamani."

"Karatasi inayosema nini?"

"Kwamba amefuta mfumo wa kompyuta."

"Ulimwona akiufuta?"

"Nimemkuta kwenye kompyuta, namba zinakimbia kwenye skrini, asilimia inapanda. Nilipoizima na kuiwasha, mfumo haupo. Mpaka nione nini tena?"

Inspekta alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na ushee, mzito wa kutembea na mwepesi wa kuuliza, na kwenye kitengo cha makosa ya kompyuta wenzake walimwita Bibi Ushahidi, ingawa si mbele yake. Aliisoma barua yote, akairudisha mezani ikiwa imegeuzwa chini, akaomba aonyeshwe kompyuta.

Kiwanda chenyewe kilikuwa vyumba vitatu na stoo. Kilichapa vitabu vya wasioona, vile visivyo na wino hata tone: karatasi nene inapigwa nukta, nukta zinavimba, msomaji anasoma kwa vidole. Wiki hii hawakuwa na kitabu. Walikuwa na mitihani ya wanafunzi wasioona, nakala mia moja arobaini, na gari la bodi lingekuja kuzichukua saa tisa alasiri. Mashine ya nukta ilihitaji saa nne kuzimaliza. Ukipiga hesabu, saa tano ikipita kabla haijaanza kazi, wanafunzi wangekaa kwenye madawati siku ya mtihani bila mtihani.

Chumba cha pili kilikuwa na kompyuta moja, mashine moja kubwa ya kupiga nukta, na watu wawili. Mmoja, mtuhumiwa mwenyewe, alikuwa mzee asiyeona, amevaa koti safi, vidole vyake vimetulia juu ya magoti. Miaka ishirini na miwili alikuwa akiiendesha mashine hiyo na kusahihisha kila ukurasa unaotoka, na kiwanda kizima kilimwita Mzee Nukta. Wa pili alikuwa mchapaji, mwanamke kijana, mke wa mtoto wake. Yeye ndiye aliyeingiza maandishi kwenye kompyuta kabla mkwewe hajayapiga nukta.

"Huyo anayekanyaga sakafu kana kwamba anaidai ni nani?" Mzee Nukta aliuliza.

"Polisi," Inspekta alijibu.

"Basi kaa, mwanangu. Kiti kiko kushoto kwako. Usiegemee, mguu mmoja mbovu. Tumemwambia meneja tangu mwaka juzi."

Inspekta alikaa bila kuegemea. "Nieleze asubuhi yako, mzee. Tangu ulipoingia."

"Nimeingia saa moja na nusu, nimewasha. Kompyuta hii ina mifumo miwili. Mfumo mpya ni wa mchapaji, na ni bubu, hautamki neno. Wa zamani ni wangu. Unanisomea kila kitu kwa sauti, na ndio pekee unaoelewana na mashine ya nukta. Ukiwasha inakuja orodha, unachagua unaotaka. Orodha nayo ni bubu, kwa hiyo mimi nahesabu. Mshale wa chini mara mbili, Enta, nasubiri, sauti inanisalimia, kazi inaanza."

"Na leo?"

"Leo imelia kwanza. Milio miwili, pi-pi. Nikahesabu, nikabonyeza Enta. Kimya. Nikazima, nikarudia. Kimya. Ndipo huyu bwana akaingia akipayuka."

"Sikupayuka," meneja alisema.

"Mlinzi amekusikia kule getini."

"Hiyo milio," Inspekta alisema, "uliwahi kuisikia kabla ya leo?"

"Sijaisikia tangu kompyuta hii iletwe."

"Ni ubovu huo," meneja aliingilia. "Kitu kikiharibiwa kinalia. Hata gari."

Inspekta aliandika kwenye daftari: milio miwili, haikuwepo. Kisha akaizima kompyuta, akaiwasha. Pi-pi. Orodha ikaja na mistari mitatu. Wa kwanza mfumo mpya, wa pili machaguo ya ziada ya mfumo huohuo, wa tatu kipimo cha memori. Mfumo wa zamani haukuwepo. Aliteremsha mshale hadi mstari wa tatu akabonyeza Enta, na mara namba zikaanza kukimbia, asilimia ikapanda.

"Hiyo hiyo!" meneja aliruka. "Ndivyo nilivyomkuta. Anafuta!"

"Hiki ni kipimo cha memori. Kinaangalia kama memori ni nzima. Diski hakiigusi, hata ukikiacha mpaka kesho."

"Lakini asilimia inapanda..."

"Asilimia ya kupima, bwana meneja. Wewe uliona namba zinakimbia ukaandika barua."

Mzee Nukta alicheka kwa pua. Meneja akanyoosha tai yake ingawa ilikuwa imenyooka.

Inspekta alitoa flashi mfukoni. Ilikuwa na mfumo wake wenyewe, kwa hiyo aliweza kuiwasha kompyuta kwa hiyo flashi na kuchungulia diski bila kugusa chochote. Diski ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni ya mfumo mpya. Ya pili ilikuwa imejaa robo tatu, na humo alikuta sauti inayomsomea mzee, programu ya mashine ya nukta, na mafaili kumi na manne ya mitihani, la mwisho likiwa limefunguliwa jana. Alihesabu mara mbili, maana kuhesabu mara moja ni kukisia.

"Mfumo wa zamani uko mzima," alisema.

"Mzima?" Meneja alisogea. "Mbona hauonekani?"

"Mwenye nyumba yumo ndani, jina lake ndilo halipo kwenye orodha ya mlangoni. Hakuna aliyefuta kitu humu."

"Si nilisema!" Mzee Nukta aligonga meza. "Tangu asubuhi nasema, sijafuta kitu!"

"Basi aliondoa jina," meneja alisema. "Mitihani imekwama vilevile. Barua inabaki palepale."

"Jina linaondolewa ukiwa ndani ya mfumo mpya. Mzee, neno la siri la mfumo mpya unalijua?"

"Sijawahi kuambiwa. Huwa wanasema limeandikwa."

Lilikuwa limeandikwa kweli, kwa kalamu nyekundu, kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa pembeni mwa skrini. Inspekta alikiangalia kile kikaratasi, kisha akamwangalia meneja kwa muda. Meneja alikohoa.

Inspekta alizima tena, safari hii akaingia kwenye mfumo mpya kwa neno lile la siri, akafungua faili la mipangilio ya orodha. Lilikuwa limebadilishwa jana, saa saba na dakika kumi na mbili mchana.

"Saa hiyo kila mtu alikuwa wapi?"

"Chumba cha kusahihisha," Mzee Nukta alijibu. "Vidole vyangu vilikuwa kwenye swali la thelathini na moja. Mlinzi aliniletea chai, muulize."

"Ofisini," meneja alisema. "Kwenye simu na bodi."

"Nilikuwa nakula," mchapaji alisema.

"Wapi?"

"Hapa."

"Na nani?"

"Peke yangu." Hakuinua macho.

Meneja aligonganisha viganja. "Fundi! Tumemsahau fundi wa mkataba! Alikuja Alhamisi akafungua kompyuta yote. Yule bwana ana kinyongo, nilimcheleweshea malipo ya kazi nyingine."

Inspekta alichukua namba, akapiga, akaweka sauti kubwa.

"Polisi hapa, kitengo cha kompyuta."

Fundi alijitetea haraka. "Afande, simu hii nimenunua dukani. Risiti ninayo."

"Sijaulizia simu. Alhamisi kwenye kiwanda cha vitabu vya wasioona ulifanya nini?"

"Aa! Pale niliongeza memori tu. Nikaweka na kipimo chake kwenye orodha ya kuwashia, ili nikirudi nisihangaike."

"Ulikiweka mstari wa ngapi?"

"Wa tatu."

"Wa tatu ulikuwa nini hapo kabla?"

"Mfumo wa zamani. Ukashuka, ukawa wa nne. Si jambo kubwa."

"Na kompyuta ikiwashwa, orodha inakuja kwa muda uleule wa zamani?"

"Hapana, inachelewa. Memori ikiongezeka inajikagua kwanza. Mara sekunde tano, mara kumi na tano."

"Ulimwambia nani mambo haya?"

"Meneja."

"Na Mzee Nukta?"

"Ah, Afande, yule si haoni? Ningemwonyesha nini?"

Mzee Nukta alifungua mdomo, Inspekta akamgusa mkono asubiri. "Jana saa saba mchana ulikuwa wapi?"

"Juu ya paa la kituo cha mafuta, nafunga kamera. Na kamera zenyewe zimenirekodi, maana niliangusha nyundo na wakanicheka."

Inspekta alimshukuru, akakata. "Huyu kosa lake ni kutomwambia mzee tu. Mzee, nikuulize, na unijibu ukweli. Tangu Ijumaa, ni mara ngapi umeipata sauti yako kwa jaribio la kwanza?"

Vidole vya mzee viliacha magoti vikashika ukingo wa meza.

"Hata mara moja," alisema.

"Ulikuwa unafanyaje?"

"Nazima, nawasha. Mara nne, mara tano, mpaka ibahatike. Nikibonyeza mara mbili kimya, nikibonyeza mara tatu pengine sauti, pengine kimya."

"Kwa sababu mstari ulihama, na wakati mwingine ulibonyeza kabla orodha haijafika. Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba nimesahau kuhesabu mpaka mbili? Nilidhani ni uzee, mwanangu. Niliogopa."

Meneja alikuwa ameanza kuangalia saa ya ukutani. Saa nne na dakika kumi. Inspekta aliona anavyoangalia, wala hakuharakisha. Aliugeuza uso wa skrini wote wauone, na kwa ajili ya Mzee Nukta akasoma kwa sauti.

"Jana mchana faili hili liliongezewa mistari minne. Wa kwanza: orodha isubiri sekunde thelathini. Zamani ilisubiri tano. Wa pili: orodha ikitokea, ilie mara mbili. Wa tatu: mtu asipobonyeza kitu, ufunguke mfumo wa zamani. Wa nne: usitafute mifumo mingine kwenye diski."

"Umeona!" meneja alisema. "Usitafute! Hiyo ni hujuma mchana kweupe."

"Ningeona huo wa nne peke yake, ningetafuta adui. Orodha hii ikihifadhiwa, kompyuta inapekua diski na kujiandikia upya inachokikuta. Ukiikataza kupekua, inaandika mfumo mpya peke yake na mengine inayasahau. Hivyo ndivyo jina lilivyopotea. Lakini niambie wewe, bwana meneja. Mlio ni wa nini?"

"Wa... ubovu."

"Umeandikwa kwa mkono. Mtu aliketi hapa akauomba. Wewe una macho, orodha ikija unaiona, mlio wa nini? Fundi ana macho. Mwenye haja ya kusikia kwamba orodha imefika ni mtu mmoja tu katika jengo hili. Na sekunde thelathini ni za nani? Za mtu anayebonyeza kwa kuhesabu, asikimbizwe. Na mfumo wa zamani kufunguka wenyewe? Ili asihesabu kabisa. Mharibifu gani huyo, anakuja kuharibu halafu anamwekea mzee kengele ya mlangoni?"

Meneja alisogea kuitazama skrini kwa karibu.

"Mwisho wa faili kuna maelezo haya," Inspekta aliendelea. "Yanasema: mfano huu ni wa kompyuta yenye mfumo mmoja tu. Mtu alitafuta msaada mtandaoni, akapata mfano, akaunakili mzima mzima. Mistari mitatu aliirekebisha vizuri. Wa nne ulikuja na mzigo, hakuujua. Akahifadhi, akazima, akaendelea na kazi nyingine, na jana alasiri kompyuta haikuwashwa tena." Alifunga daftari. "Aliyefanya hivi yumo humu ndani. Simtaji. Namsubiri."

Hakusubiri sana.

"Ni mimi," mchapaji alisema.

Mzee Nukta aligeuza kichwa taratibu kuelekea sauti ile.

"Ni mimi, baba. Tangu Ijumaa nilikuwa nakuona. Unazima, unawasha, unafuta jasho, halafu unatuambia kompyuta leo imeamka vibaya. Iliniuma. Nikasema nitengeneze mwenyewe wakati wa chakula, ukija asubuhi usikie tu inalia, sauti yako inakuja."

"Ukashindwa kuniambia?"

"Wewe ni mkwe wangu! Nikuambie vipi mbele ya watu kwamba unakosea hesabu? Hata nyumbani sijawahi kukuinulia sauti."

"Na asubuhi hii? Huyu bwana alipokuwa ananiita mharibifu, ulikuwa umesimama wapi?"

Machozi yalikuwa yanamtoka sasa, wala hakuyafuta. "Hapa hapa. Niliogopa, baba. Nilisema nitasema kabla ya saa tano. Kila nikifungua mdomo, unafunga. Nisamehe."

Inspekta alivuta kibodi. Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo, na aliifanya mbele yao ili kesho asiitwe tena. Mstari wa nne aliugeuza, kompyuta iruhusiwe kutafuta. Mitatu ya kwanza hakuigusa. Akaandika amri ya kutengeneza orodha upya, na skrini ikajibu kwamba imeupata mfumo mpya, na chini yake, kwenye sehemu ya pili ya diski, imeupata na wa zamani. Akazima. Akawasha.

Pi-pi.

Mistari minne. Hakuna aliyegusa kitufe. Sekunde thelathini ni nyingi watu wanne wakizihesabu kimyakimya. Kisha mstari wa mwisho ukafunguka wenyewe, spika ikakoroma, na sauti ikasema kwamba iko tayari kwa kazi.

"Alhamdulillah," Mzee Nukta alisema, akapapasa kibodi. "Hiyo ndiyo yenyewe."

Saa tano kasoro dakika kumi na mbili. Meneja alivuta pumzi ndefu, na rangi yake ya ukuu ikamrudia yote kwa mkupuo. Alitoka, akarudi na ile barua na kalamu.

"Sawa. Mzee, wewe huna kosa, endelea na kazi. Afande, ahsante sana. Hii barua itabadilishwa jina tu. Amegusa mipangilio bila ruhusa, ametuchezea mitihani, amenyamaza mpaka polisi wamekuja. Taratibu ni taratibu."

"Kwa upande wangu hakuna jinai," Inspekta alisema. "Nitaandika hivyo. Na nitaandika kwamba neno la siri limebandikwa kwenye skrini, na kwamba aliyeambiwa orodha imebadilika hakumwambia anayeitumia. Mengine ni ya kiwanda chenu."

"Ndiyo, ya kiwanda." Meneja alimgeukia mchapaji. "Mama, kusanya vitu vyako."

Mchapaji aliuchukua mkoba wake kwenye ndoano.

"Meneja," Mzee Nukta alisema. Alikuwa bado anaitazama kompyuta kwa vidole. "Huyo amekosa. Amekosa kunificha, na hilo nitalimaliza naye nyumbani, maana mkwe si mgeni, na mwana akimwogopa mzazi wanaumia wote. Lakini katika jengo hili zima, mtu aliyeona kwamba nimepotea siku nne ni yeye tu. Wewe uliambiwa mstari umehama ukakaa nao. Kwa hiyo ukiandika barua yake, andika mbili."

"Mzee, usinifanyie hivyo. Wewe hujafukuzwa."

"Andika mbili. Na yangu iwe ya nukta, ya wino siisomi. Ukishaiandika niletee niichape, maana mashine hii wewe huiwezi."

Inspekta aliugundua ule mguu mbovu wa kiti kwa kuegemea bila kukusudia, akajishika meza. Meneja aliitazama mashine ya nukta, kubwa na kimya, akaitazama saa. Zilibaki dakika tisa. Aliitazama barua aliyoishika, iliyokuwa na muhuri wake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alionekana kama mtu anayesoma anachokishika.

Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.

"Gari linakuja saa tisa kamili," alisema, akatoka bila kufunga mlango.

Mchapaji alikuwa bado amesimama na mkoba begani, hajui aelekee wapi. Mzee Nukta alinyoosha mkono hewani, akangoja mpaka akaushika mkono wake.

"Mama," alisema, "lete karatasi."